Watu wa Rodi: jibu kwa msomaji wa Lubumbashi

Swali: "Jambo Mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa karani wa duka la vitambaa hapa Lubumbashi, enzi zile mji ukiitwa Elisabethville. Tajiri wake alikuwa Myahudi, na babu kila alipomtaja yeye na jamaa zake alisema 'watu wa Rodi'. Sisi wajukuu tulijua Rodi ni Rhodesia. Juzi mtoto wangu amerudi kutoka shule ananiambia Rhodes ni kisiwa cha Ugiriki, tena palikuwa na jitu la shaba lililotanua miguu juu ya bandari, meli zikipita katikati. Nieleze: Rodi ni wapi hasa? Hilo jitu lilikuwepo kweli? Na Wayahudi wa kisiwa cha Wagiriki walifikaje Katanga?"

Jambo sana, ndugu yangu. Babu yako hakukosea hata herufi moja. Rodi ndilo jina la Kiitaliano la kisiwa ambacho Wagiriki hukiita Rodos, na ambacho Waingereza na Wafaransa hukiandika Rhodes. Biblia ya Kiswahili inakiita Rodo, katika Matendo 21, Paulo alipopita huko akielekea Yerusalemu. Italia ilikitwaa kisiwa mwaka 1912 na kukishika hadi katikati ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo kijana aliyepanda meli pale mwaka 1925 aliondoka na karatasi zilizoandikwa Rodi. Tajiri alilitaja jina la kwao kama lilivyokuwa kwenye karatasi zake, karani akalidaka, na likafika kwako salama.

Rhodesia ni jambo jingine kabisa. Ile iliitwa kwa jina la Cecil Rhodes, Mwingereza wa madini na siasa, na kufanana kwa majina ni sadfa tu. Lakini msijione mlikuwa wajinga, kwa sababu wengi wa hao watu wa Rodi walipitia Rhodesia kweli kabla ya kufika kwenu. Nitafika huko.

Kwanza kisiwa chenyewe. Kiko pembe ya kusini-mashariki ya bahari ya Aegean, kilomita 18 hivi kutoka Uturuki. Kina kilomita za mraba 1,400, yaani ni kidogo kuliko Unguja na kikubwa kuliko Pemba, na watu wasiozidi sana 120,000. Mji mkuu uko kwenye ncha ya kaskazini, na ukisimama ufukweni pale asubuhi isiyo na ukungu unaiona milima ya Uturuki. Ujirani huo umeamua mengi. Anayetaka kutoka Misri au Shamu kwenda Ugiriki au Istanbul kwa tanga, Rhodes iko njiani, na kila mwenye dola alitaka awe na funguo za mlango huo.

Nimefundisha historia ya Mediterania kwa miaka mingi, na kisiwa hiki kina tabia moja inayonivuta. Karibu kila kitu kilichokipa sifa kimeshaondoka. Jitu limeondoka, sheria yake ya bahari imeenda kukaa kwenye ofisi za bima za dunia, watawa wake wapiganaji walihamia Malta, Wayahudi wake walio hai wako Brussels, Cape Town, Seattle, na wachache kwenu. Ukienda kutafuta Rhodes ndani ya Rhodes tu, utapata nusu yake.

Wagiriki wa kale walisimulia kuzaliwa kwa kisiwa hivi. Siku miungu ilipogawana dunia, Helios, yaani Jua mwenyewe, hakuwepo. Alikuwa kazini, anavuka mbingu na gari lake la farasi kama siku zote, na hakuna aliyekumbuka kumwekea fungu. (Aliyewahi kukosa mgawo kwa sababu alikuwa zamu ataielewa hadithi hii haraka.) Zeus alipotaka kupiga kura upya, Helios alikataa. Alisema ameona kutoka kule juu nchi inayoinuka polepole kutoka chini ya bahari, yenye rutuba kwa watu na mifugo, naye anaitaka hiyo tu. Akapewa. Akamchukua Rhodos, binti wa kisiwa hicho, wakazaa wana saba, na wajukuu wao watatu, Lindos, Ialysos na Kamiros, wakawa majina ya miji mitatu ya kwanza.

Tunaijua hadithi hii vizuri kwa sababu mshairi Pindar aliiweka katika utenzi wa mwaka 464 KK wa kumsifu bondia wa Rhodes, Diagoras, bingwa wa Olimpiki. Uwanja wa ndege wa kisiwa unaitwa Diagoras mpaka leo. Lakini mimi humpenda zaidi binti yake. Mwandishi Pausanias anasimulia kwamba wanawake walioolewa walikatazwa kuitazama michezo ya Olympia, na adhabu ilikuwa kutupwa kutoka kwenye jabali. Mama huyu, ambaye jina lake ni Kallipateira (wengine husema Pherenike), alikuwa mjane mwenye mtoto bondia. Akavaa nguo za kocha akaingia naye. Kijana aliposhinda, mama akaruka ua wa makocha kwa furaha, vazi likafunuka, siri ikatoka. Waamuzi walimsamehe kwa heshima ya baba yake, kaka zake na mwanawe, wote mabingwa. Kisha wakatunga kanuni: kuanzia siku hiyo kocha naye aingie uwanjani uchi kama wachezaji wake.

Sasa jitu. Ndiyo, lilikuwepo. Hapana, halikutanua miguu.

Miji ile mitatu iliungana mwaka 408 KK na kujenga mji mmoja mpya ncha ya kaskazini, ukatajirika kwa biashara ya nafaka na mvinyo. Baada ya Aleksanda Mkuu kufa, majenerali wake waligombea urithi, na Rhodes ikakataa kumuunga mkono mmoja wao dhidi ya rafiki yake mkubwa wa kibiashara, Misri. Mwaka 305 KK akatumwa Demetrios, kijana mwenye lakabu ya Poliorketes, mzingiraji wa miji. Alikuja na mnara wa vita wa ghorofa tisa, uliofunikwa mabati ya chuma, juu ya magurudumu, ukisukumwa na watu zaidi ya 3,000. Vitruvius, mwandishi Mrumi wa mambo ya ujenzi, anaeleza namna mnara huo ulivyoshindwa. Mhandisi mmoja wa mji, Diognetos, aliwaambia wenyeji watoboe ukuta upande ambao mnara ungepita, wamwage nje usiku kucha maji, tope na uchafu wa vyoo, kila mtu alicho nacho. Asubuhi mnara ukasogea, ukazama kwenye matope, haukuenda mbele wala nyuma. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa hivyo hasa, lakini ni hadithi ya vita ninayoiamini kwa urahisi, kwa sababu haina shujaa mwenye upanga. Ina ndoo.

Baada ya mwaka mzima Demetrios alifanya suluhu akaondoka mwaka 304 KK, akaacha zana zake. Wenyeji wakaziuza, na fedha hizo wakazielekeza kwenye sanamu ya kumshukuru Helios, bwana wa kisiwa. Kazi alipewa Chares wa Lindos, mwanafunzi wa mchongaji mkubwa Lysippos. Ilichukua miaka 12. Urefu ulikuwa dhiraa 70, yaani kama mita 32, karibu ghorofa kumi za leo.

Wewe unayetoka mkoa uliowahi kuitwa Shaba utaona haraka lilivyojengwa. Ngozi yake ilikuwa bronzi, shaba iliyochanganywa na bati, madini mawili ambayo kwenu si mageni. Ndani palikuwa na mifupa ya chuma na mawe mazito ya kulituliza. Maelezo ya kale yanasema mafundi walilipandisha kipande kwa kipande, miguu kwanza, na kadiri lilivyokwenda juu walirundika udongo kulizunguka ili wasimame juu yake kama jukwaa. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa watu wa mji hawakuona sanamu, waliona kilima kinachokua. Siku udongo ulipoondolewa ndipo Jua likasimama peke yake.

Halikudumu. Karibu mwaka 226 KK tetemeko lilivunja magoti yake, likaanguka. Lilikuwa limesimama miaka isiyofika 70. Mfalme Ptolemaios wa Tatu wa Misri alijitolea kugharimia kulirudisha, ila wenyeji walikataa kwa sababu ya neno la utabiri lililowakataza. Wahenga wetu wangewaunga mkono: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Basi likalala pale pale kwa karne nyingi, na wageni wakawa wanakuja kulitazama likiwa limelala. Pliny, Mrumi wa karne ya kwanza BK, anaandika kwamba ni wachache walioweza kulizungushia mikono dole gumba lake, na kwamba ndani ya viungo vilivyovunjika ulionekana uwazi kama pango, na mawe ambayo fundi aliyatumia kulipa uzito.

Hebu turudi kwenye miguu iliyotanuliwa. Picha aliyoiona mwanao ilibuniwa na wasafiri na wachoraji wa Ulaya zaidi ya miaka elfu moja baada ya jitu kuanguka. Hakuna mwandishi wa kale aliyesema hivyo. Na hesabu inakataa. Mdomo wa bandari ya Mandraki ni mpana mno kwa mtu wa mita 32, labda awe anacheza sarakasi. Kulijenga juu ya maji kungefunga bandari kwa miaka 12, na mji wenyewe uliishi kwa bandari. Tena lingelianguka baharini, na Pliny anatuambia lilikuwa chini watu wanaligusa. Mahali hasa liliposimama wataalamu bado wanabishana: wengine husema ni pale penye ngome ya Mtakatifu Nikolao kwenye mdomo wa bandari, wengine juu mjini karibu na hekalu la Helios. Mimi niko na hao wa pili, kwa sababu moja nyepesi: sanamu ya kumshukuru mungu unaiweka kwake. Leo mdomoni mwa Mandraki kuna nguzo mbili, juu yake kulungu wawili wa shaba, dume na jike, na kila siku waongoza watalii huwaonyesha wageni kwamba hapa mguu wa kulia, pale wa kushoto. Biashara ni biashara.

Mwisho wa shaba ile unasimuliwa hivi: Waarabu chini ya Muawiya walipokiteka kisiwa miaka ya 650 BK, walimuuzia mabaki Myahudi mmoja wa Edessa, naye akayapakia juu ya ngamia 900. Habari hii imetoka kwa Theophanes, mtawa wa Bizanti aliyeandika zaidi ya miaka 150 baadaye, na wanahistoria wengi hawaitii maanani sana. Angalia tu jinsi ilivyopangwa: Mwarabu kavunja, Myahudi kanunua, Mkristo anasikitika. Hadithi za namna hiyo husema zaidi juu ya msimuliaji.

Kuna urithi mmoja wa Rhodes unaoufahamu bila kujua. Kama una ndugu anayeagiza makontena kupitia Dar es Salaam au Durban, muulize kuhusu hasara ya pamoja ya meli. Kanuni ni hii: dhoruba ikichacha na nahodha akatosa mizigo ya mtu mmoja ili kuokoa chombo, hasara si ya mwenye mzigo peke yake, wote waliookolewa, mwenye meli na wenye shehena nyingine, wanamchangia. Wanasheria wa Roma waliiita sheria ya Rhodes, ikaingia kwenye mkusanyo wa sheria wa mfalme Justiniani katika karne ya 6, na haijatoka kwenye biashara ya bahari tangu hapo. Meli ya Ever Given ilipokwama mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, mwenye meli alitangaza kanuni hiyo hiyo, na watu wenye mizigo iliyo salama kabisa wakadaiwa dhamana kabla ya kukabidhiwa mali yao. Jitu la mita 32 lilikaa miaka isiyofika 70. Kanuni ya mabaharia imepita miaka 2,000 na bado inatuma bili.

Enzi za Roma nitazipita mbio. Rhodes ilipoteza nguvu ya biashara Roma ilipoifanya bandari ya Delos isitoze ushuru, karibu 166 KK, ikageuka mji wa shule. Cicero alisoma huko. Julius Caesar alikuwa njiani kwenda kusoma huko maharamia walipomkamata.

Nikupeleke kwenye mji unaoonekana leo, maana huo haukujengwa na Wagiriki wa kale. Ulijengwa na watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, waliofukuzwa Palestina, wakakiteka kisiwa kati ya 1306 na 1310. Walikuwa Wafaransa, Waitalia, Waingereza, Wajerumani, Wahispania, wamegawanywa kwa lugha, na kila lugha ilikuwa na nyumba yake na kipande chake cha ukuta cha kulinda. Barabara yenye nyumba hizo bado ipo, inapanda kutoka hospitali yao hadi ikulu ya mkuu wao, imetandikwa kokoto zilizosimamishwa wima. Ukivaa viatu vya soli nyembamba utaihesabu kila kokoto. Hospitali yenyewe, iliyoanza kujengwa 1440, sasa ni jumba la makumbusho. Msalaba wao wa ncha nane ndio unaouona kwenye sare za watu wa huduma ya kwanza wa St John, wanaokaa kando ya uwanja siku za mechi Nairobi.

Na walikuwa na joka lao. Inasemekana lilikaa bondeni nje ya mji, likila kondoo na wachungaji, na mkuu wa watawa akapiga marufuku kulikabili baada ya wengi kufa. Mtawa mmoja Mfaransa, Dieudonné de Gozon, alirudi kwao, akatengeneza sanamu ya joka hilo, akawazoeza mbwa wake kuishambulia tumboni, kisha akarudi akaliua. Alivuliwa utawa kwa kutotii amri, halafu akasamehewa. Gozon ni mtu wa kweli, alikuwa mkuu wa watawa kuanzia 1346 hadi 1353. Joka, wengi hudhani, kama lilikuwepo lilikuwa mamba aliyeletwa na meli. Kwetu tungemwambia ahesabu vizuri, mamba mmoja si habari.

Waturuki walishindwa kuuteka mji mwaka 1480. Mwaka 1522 alikuja Sultan Suleiman mwenyewe, akauzingira miezi sita. Watawa walisalimu amri mwezi Desemba, wakaruhusiwa kuondoka kwa heshima tarehe 1 Januari 1523, na mwaka 1530 wakapewa Malta. Kwa miaka karibu 400 iliyofuata, ndani ya kuta walikaa Waislamu na Wayahudi tu. Mgiriki Mkristo aliruhusiwa kuingia mchana kuuza na kununua, ila jua likizama sharti awe nje ya lango.

Hapo ndipo tunafika kwa tajiri wa babu yako.

Wayahudi walikuwepo Rhodes tangu kale, lakini jamii tunayoizungumzia ilitokana na wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 na kupokelewa katika dola ya Osmani. Baada ya ushindi wa Suleiman familia nyingi zililetwa kisiwani. Walikuja na Kihispania chao cha karne ya 15, wakakichanganya na Kiebrania, Kituruki na Kigiriki, wakakisema nyumbani kwa zaidi ya miaka 400. Lugha hiyo huitwa Ladino. Wenyewe walijiita Rodesli, jina la kisiwa na mkia wa Kituruki. Kama babu yako aliwahi kusimulia kwamba tajiri alipokasirika aliongea maneno ambayo si Kifaransa wala Kiitaliano, ni hayo.

Mtaa wao, La Juderia, uko upande wa mashariki wa mji wa kale, karibu na bandari. Sinagogi lao, Kahal Shalom, lina tarehe ya mwaka 1577, nalo ndilo la kale zaidi linalotumika bado Ugiriki yote. Ukiingia unakanyaga sakafu ya kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa maua, kazi ile ile inayofanywa kwenye nyua za makanisa ya Kigiriki na nyumba za Waturuki wa kisiwa. Fundi wa kokoto hakuuliza mteja anasali wapi.

Kwa nini waliondoka? Sababu ya kwanza ni umaskini. Mwanzoni mwa karne ya 20 meli za mvuke zilikuwa zimeinyima Rhodes kazi yake ya njia panda, na familia yenye watoto wanane haikuwa na pa kuwaweka. Ya pili, baada ya mapinduzi ya Waturuki Vijana ya 1908, jeshi likaanza kuwachukua na vijana wasio Waislamu. Basi mmoja akaenda, akaandika barua, akamwita mdogo wake, mdogo akamwita binamu. Wengine walikwenda Marekani na Argentina. Waliokuja Afrika walishuka Cape Town au Beira, wakapanda treni kuelekea Bulawayo na Salisbury (Harare ya leo). Reli hiyo ya kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, mwaka mji wenu ulipoanzishwa, na vijana wa Rodi wakafika nayo. Unaona sasa kwa nini kwenu Rodi na Rhodesia vilishikana? Watu wale walishuka kwenye treni iliyotoka Rhodesia wakisema wametoka Rodi.

Kazi yao ilikuwa duka. Kijana alianza kwa mjomba, akalala nyuma ya kaunta juu ya marobota, akajifunza bei kabla ya kujifunza Kifaransa, na Kiswahili akakipata kwa wateja. Akitimiza miaka michache alipewa mzigo kwa mkopo afungue duka lake, mara nyingi ndani kabisa: vitambaa, chumvi, mablanketi, majembe, taa za mafuta. Usilifanye jambo hili tamu kuliko lilivyokuwa. Ilikuwa Kongo ya Wabelgiji, na Myahudi maskini wa Rhodes, ambaye Wabelgiji wenyewe walimdharau, alihesabiwa Mzungu, na karani wake aliyejua hesabu kumzidi hakuhesabiwa. Babu yako angekueleza hilo vizuri kuliko mimi.

Sinagogi la Lubumbashi lilijengwa karibu na 1930, nadhani unalipita. Mwaka 1937 alikuja rabi kijana kutoka Rhodes, Moïse Levy, aliyesomea chuo cha marabi ambacho Waitalia walikuwa wamekiruhusu kisiwani. Alikaa kwenu hadi 1991. Alikuwa ameondoka kwa wakati, kwani mwaka 1938 Italia ya Mussolini ilitunga sheria za ubaguzi, chuo kikafungwa, na Wayahudi waliohesabiwa wageni wakaamriwa kuhama. Mmoja wa waliotorokea Kongo katika zama hizo ni Nissim Soriano, aliyeanza biashara ya samaki upande wa ziwa Mweru na kuoa huko. Mwanawe unamjua, ni mwanasiasa Moïse Katumbi.

Waliobaki yaliwakuta haya. Wajerumani walikitwaa kisiwa Septemba 1943, Italia ilipojitoa vitani. Mwezi Julai 1944 waliwaita wanaume wa Kiyahudi kwa kisingizio cha kukagua vitambulisho, wakawazuia, kisha wakawaita wake na watoto waje na mizigo na vitu vya thamani. Tarehe 23 Julai ving'ora vililizwa bila ndege yoyote kuja, ili wenyeji wengine wajifungie, na watu zaidi ya 1,600 wakatembezwa hadi bandarini. Walipakiwa kwenye matishari ya mizigo hadi Piraeus, kisha kwenye mabehewa. Walifika Auschwitz tarehe 16 Agosti. Walionusurika walikuwa kama 150. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwatoa mikononi mwa Wajerumani watu zaidi ya 40 kwa kushikilia kwamba ni raia wa Uturuki au wameoana na raia wa Uturuki, pamoja na baadhi ambao hawakuwa hivyo. Sheria aliyoitaja haikuwepo kwa namna alivyoieleza. Kisiwa kilirudi kwa Ugiriki rasmi mwaka 1948, mtaa wa Wayahudi ukiwa hauna Wayahudi.

Kwa hiyo Rodi ya tajiri wa babu yako, ile yenye lugha yake, nyimbo zake na maandazi yake ya jibini na mchicha wanayoyaita boyos, baada ya 1944 ilikuwa hai Elisabethville na Salisbury kuliko ilivyokuwa Rhodes. Nako haikukaa. Uhuru ulikuja na vita vya Katanga, kisha tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza maduka ya wageni yachukuliwe na wananchi, na wengi wakafunga mizigo kwenda Ubelgiji na Afrika Kusini.

Ukitaka kumtafuta tajiri mwenyewe, anza na karatasi: cheti cha kazi cha babu, risiti, bahasha ya mshahara, hata muhuri nyuma ya picha. Unatafuta jina la ukoo. Ukikuta Alhadeff, Hasson, Amato, Franco, Benatar, Tarica, Soriano, Israel au Levy, uko njia sahihi, ingawa Levy na Israel wako wengi dunia nzima. Kisha pita makaburi ya Wayahudi hapo Lubumbashi, soma mawe. Huenda ukakuta jina la kisiwa limeandikwa. Jina ukilipata niandikie. Pale Kahal Shalom, ukutani uani, kuna kibao chenye majina ya familia zilizochukuliwa mwaka 1944, na jumba dogo la makumbusho lenye picha za familia za kisiwa na za waliohamia ng'ambo. Wanapokea barua. Na wewe una kitu ambacho hawana, yaani habari za duka zilizosimuliwa kutoka upande wa pili wa kaunta.